Kituo Kisichoandikwa

Mashairi ya Kifaransa twayasoma kwa sauti mara nyingi, na mara nyingi twayasoma vibaya. Tuchukue « Le Pont Mirabeau » la Guillaume Apollinaire. Lilitokea katika gazeti mwaka wa 1912 pamoja na vituo vyake. Mwaka wa 1913, katika kitabu Alcools, mtungaji aliviondoa vyote, hata nukta moja haikubaki. Kusema kwamba ni kiburi tu cha kutaka kuonekana mpya, sisi hatukubali.

Tazameni mwanzo. Mto Seine unapita chini ya daraja. Kisha mapendo ya wale wawili yanasimama peke yao katika mstari mfupi. Je, yanapita pamoja na maji, ao ni jambo ambalo mtu anasukumwa kulikumbuka? Nukta moja baada ya jina la mto ingetosha kufunga njia ya kwanza. Sasa zote mbili ziko wazi, na uchungu wa shairi umo humo. Tena mwanamke haitwi jina. Wataalamu humtaja mchoraji Marie Laurencin. Shairi linanyamaza, na linafanya vizuri.

Apollinaire alijitetea kwamba mwendo wa shairi na mkato wa mistari ndiyo alama za kweli. Hapa ana haki. Lakini katika « Zone », shairi refu la kitabu kile kile, twakiri kwamba pengine tunapotea bila faida.

Sisi wenye kusali breviari twajua kinyota katikati ya aya ya zaburi: wote hunyamaza kidogo. Kinyota cha Apollinaire hakikuchapwa. Msomaji akitafute mwisho wa mstari.