Nani Anasoma Mzani? Uhakiki wa Tathmini ya Miradi Vijijini

Siku hizi hakuna andiko la mradi lisilotaja ushirikishwaji wa wananchi. Lakini tukiuliza ni nani aliyeamua jambo la kuchunguzwa, na ni nani mwenye haki ya kutamka kwamba mradi umeshindwa, mara nyingi tunakuta mwananchi ameshirikishwa kwa kuchimba mtaro na kujibu maswali tu. Huko ni kumtumia mtu, si kumshirikisha.

Mwongozo wa TANU wa 1971 ulitupa kipimo. Ulisema kwamba jambo linalowapunguzia watu uwezo wa kuamua mambo yao si maendeleo, hata kama linawaletea nafuu ya afya na chakula. Kwa kipimo hicho tuangalie mifano miwili ya nchini mwetu.

Wa kwanza ni uchunguzi wa hifadhi ya nafaka katika kijiji cha Bwakira Chini, Mkoa wa Morogoro, mwaka 1976. Watafiti hawakuleta ghala lililokwisha kubuniwa mjini. Walikaa na wakulima, wakajadili njia za kuhifadhi zilizokuwapo na kasoro zake, kisha wakatengeneza kwa pamoja maghala yaliyo bora zaidi. Hapo mkulima hakuwa mhojiwa, alikuwa mtafiti.

Wa pili ni mpango wa lishe wa Iringa, ulioanza 1983 kwa ushirikiano wa Serikali, UNICEF na WHO, kwa fedha za Italia. Katika vijiji 168 watoto wadogo walipimwa uzito kila miezi mitatu, na matokeo yakajadiliwa kijijini kabla ya kuamua hatua za kuchukua. Kati ya 1984 na 1988 watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka asilimia 56 hivi hadi 38. Jambo la msingi ni kwamba takwimu zilisomwa na wazazi wenyewe, hazikuishia katika faili la wilaya.

Hata hivyo mifano hii isitufanye tulale. Kwanza, kijiji si kitu kimoja. Yupo mwenye trekta na yupo anayemlimia kibarua. Ripoti ikisema "kijiji kimekubali", kada lazima aulize: nani amekubali, na nani alikuwa shambani kwa mwingine wakati mkutano unafanyika?

Pili, Iringa yenyewe ilidhihirisha kwamba njaa ya mtoto inafungamana na mzigo wa kazi wa mama. Mama anayelima, kuteka maji na kutafuta kuni hana muda wa kumlisha mtoto mara nne kwa siku. Mzani unaonyesha kilo za mtoto. Hauonyeshi nani aliyeuza mahindi ya nyumba hiyo wala fedha zilikwenda wapi. Tathmini inayomwita mama peke yake humlaumu anayeumia.

Tatu, ratiba ya tathmini nyingi ni ratiba ya mfadhili. Mtaalamu huja fedha zinapokaribia kwisha, huandika kwa lugha ambayo mwanakijiji haisomi, kisha huondoka na matokeo. Huo ni urasimu uliovaa kilemba cha ushirikishwaji.

Dawa yake haihitaji chombo kipya. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 imeufanya Mkutano Mkuu wa Kijiji kuwa wenye madaraka ya juu kabisa kijijini katika mambo ya sera. Basi kazi ya makada ni kuhakikisha kwamba maswali ya tathmini yanapangwa hapo, kwamba ripoti inasomwa hapo kwa Kiswahili kabla haijapelekwa kokote, na kwamba wanakijiji wanaweza kuikataa. Mradi usioweza kukosolewa na wenyewe si mradi wao, hata kama walibeba mawe ya msingi wake.