Nafsi ya Mtu na Jina la Mtaa: Uhakiki wa Kijitabu cha Carothers cha Mwaka 1954

Mwaka 1954 Mpiga Chapa wa Serikali mjini Nairobi alitoa kijitabu chembamba cha Dakta J. C. Carothers juu ya saikolojia, yaani elimu ya nafsi, ya Mau Mau. Mwandishi hakuwa mgeni katika nchi. Tangu 1938 hata 1950 alikuwa mwangalizi wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, na mwaka 1953 Shirika la Afya Ulimwenguni lilikwisha kuchapisha kitabu chake kikubwa juu ya akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Kijitabu hiki chastahili kusomwa tena, wala si kwa nguvu ya hoja zake, maana Frantz Fanon alimshambulia Carothers waziwazi mwaka 1961 na wengi wakamfuata. Chastahili kwa sababu ya namna kilivyofikiriwa, ambayo haijafa pamoja na mwandishi wake.

Kosa la Carothers ni la sarufi kabla ya kuwa la sayansi. Aliokuwa akiwaona kila siku ni wagonjwa wa hospitali moja. Anayeandikwa ni "Mwafrika", umoja usio na wingi, asiye na kabila, mji wala umri. Waliouguzwa majumbani mwao au kwa waganga hawakuingia katika hesabu. Hata hivyo katika makala yake ya mwaka 1951 alithubutu kumfananisha Mwafrika mwenye afya yake na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Msomaji aliyeyakubali hayo angewezaje kushangaa, miaka mitatu baadaye, alipoelezwa kwamba watu waliodai ardhi yao walikuwa na ugonjwa wa nafsi? Dai likawa dalili. Kijitabu kiliyaona makazi ya vijiji kuwa sehemu ya dawa. Na mwaka ule ule wa 1954 serikali ya Kenya ilianza kuwahamishia Wakikuyu, zaidi ya milioni moja, katika vijiji vya kulindwa. Haiyumkini kusema kwamba kijitabu ndicho kilichoyaleta hayo, kwani vita vilikuwa na sababu zake. Lakini kiliyapa lugha ya daktari, na lugha ya daktari haipingiki kwa urahisi kama ile ya mkuu wa wilaya.

Wamarekani wawili, Joan Sieber na Barbara Stanley, waliandika mwaka 1988 kwamba utafiti unaogusa jamii wapaswa kupimwa tangu swali linapotungwa hata matokeo yanapotumiwa. Hayo ni kweli, ila kwa msomaji wa Kiswahili yana upungufu: swali halitungwi tu, hutafsiriwa pia, na hapo ndipo madhara mengi huanza.

Ili jambo hili lionekane, na uchukuliwe mtaa wa Makorora mjini Tanga, ambao Carothers hakuuandikia neno. Katika mitaa ya namna hiyo Mdigo, Mbondei, Msambaa na Mzigua huweza kupanga nyumba moja ya Kiswahili, yenye baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, na ua nyuma. Mtafiti huja na karatasi zake akiongozwa na mwenyekiti wa mtaa. Mama wa nyumba humkaribisha, kwa kuwa kumkatalia mgeni aliyeletwa na mwenyekiti ni kumvunjia mwenyekiti heshima. "Uliza tu, mwanangu," husema, kisha hutia sahihi. Je, hiyo ni ridhaa, au ni adabu? Karatasi haiwezi kutofautisha. Kisha huulizwa kama amepata kufikiri kujiua, na nyuma ya ukuta mpangaji wa chumba cha pili anasikia. Kiswahili kina neno kwa kitu alichonyang'anywa mama huyo, nalo ni sitara. Sitara ni pana kuliko siri: siri hutunzwa na aliyeambiwa, na sitara hutunzwa na wote, hata waliojua bila kuambiwa.

Akiulizwa kama ana sonona, yamkini hatalielewa neno, maana ni la vitabuni zaidi kuliko la barazani, atajibu hana. Akiulizwa kama ana mawazo, atajibu anayo, na nani hana, kodi ikidaiwa na mtoto akiumwa? Jibu la kwanza litampunguza katika hesabu na la pili litamzidisha, na yote mawili yataitwa matokeo. Neno akili ni gumu zaidi. Mtoto asiyemwamkia mkubwa huambiwa hana akili, hata kama ndiye wa kwanza darasani. Na wahenga waliposema akili nyingi huondoa maarifa, walikwisha kuvitenga vitu ambavyo kipimo cha kigeni hukichanganya.

Ushahidi upo karibu. Mwaka 1967 Klingelhofer alichapisha alama za wanafunzi wa sekondari wa Tanzania katika kipimo cha michoro cha Raven; mwaka 2002 Lynn na Vanhanen wakazitia katika jedwali la kupanga mataifa kwa akili. Mwaka huo huo wa 2002 Sternberg na wenzake, baadhi yao Watanzania, walitoa habari za watoto wa Bagamoyo wa miaka 11 hata 13, waliopimwa, wakafundishwa kwa muda mfupi usiotimia saa moja, wakapimwa tena, alama zikapanda. Kilichoonekana kuwa upungufu wa akili kilikuwa, kwa sehemu kubwa, ugeni wa mchezo. Jedwali lilienea, habari za Bagamoyo wanazijua wachache.

Tanzania leo ina COSTECH itoayo vibali, na NIMR yenye kamati ya maadili kwa utafiti wa afya. Hiyo ni hatua ambayo Mathari ya 1938 haikuijua. Lakini ulinzi wa karatasi hizo humwelekea hasa mtu mmoja mmoja. Jina la mama hufutwa na kuwa nambari, jina la mumewe hali kadhalika. Kisha katika kichwa cha makala, kwa herufi kubwa, huchapwa jina la mtaa, na kijana wa mtaa huo aombaye kazi miaka kumi baadaye hulibeba katika anwani yake.