Nakala ya Kuonyesha, Nakala ya Kuuza

Tulidhani tumemaliza. Tovuti ilikuwa hewani, picha zimepangwa, bei zimewekwa. Tulikuwa ndani ya studio ya mzee mmoja mpiga picha mjini Bungoma, mlango umeshafungwa nusu, nikamwomba anisubiri nijaribu kitu kimoja. Nilifungua picha yake ya Mlima Elgon, aliyoipiga kutoka upande wa Endebess, nikaitoa peke yake kwenye kivinjari. Anwani iliishia hivi: elgon-endebess-600x400.jpg. Nikafuta kistari na zile tarakimu, ikabaki elgon-endebess.jpg, nikabonyeza. Picha ikaanza kushuka polepole, mstari baada ya mstari, mpaka ikatimia: pikseli 6000 kwa 4000, safi, bila alama yoyote. Ndiyo ile tuliyokuwa tumeiwekea bei ya shilingi 2,500.

Mzee aliitazama kwa muda. "Kijana wangu," akasema, "hapa tumetundika fremu dirishani, na negativu tumeiacha nje mlangoni."

Hakuna aliyetuhujumu. Ndivyo WordPress, programu tuliyojengea tovuti, inavyofanya kazi. Ukipakia picha, inatengeneza nakala ndogo za vipimo mbalimbali na kuandika vipimo hivyo mwishoni mwa jina la faili, kisha ile ya asili inaachwa katika folda ileile iliyo wazi kwa kila mtu. Tangu toleo la 5.3, la mwaka 2019, picha inayozidi pikseli 2560 hupunguzwa, lakini ya asili haifutwi. Anayeandika kuhusu mapishi hapati hasara yoyote. Anayeuza picha ameacha ghala wazi.

Tuliibomoa kazi yote usiku huo tukaanza upya, na tangu hapo sijengi tena duka la picha kwa kuanzia na sura. Naanza na nakala. Kila picha inayouzwa ni faili mbili ambazo hazipaswi kukutana kamwe: moja ya kutazamwa, nyingine ya kukabidhiwa aliyelipa. Zikichanganyika, hakuna rangi wala mpangilio wa ukurasa utakaokuokoa.

Nakala ya kutazamwa tuliitengeneza kwenye kompyuta ya mzee, kabla haijagusa intaneti. Upande mrefu tuliupa pikseli 1600. Uchapaji mzuri unahitaji nukta 300 kwa kila inchi, kwa hiyo pikseli 1600 zinatoa picha ya inchi tano na kitu, kama sentimita 13 na nusu. Karatasi ya A3 inadai pikseli 4961 upande mrefu. Atakayeiba nakala yetu ataambulia kitu cha ukubwa wa kadi ya posta, ukutani haifai. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaopiga muhuri mkubwa wa jina lao katikati ya picha. Mteja anataka kuona ukungu juu ya mlima, nawe unamwonyesha jina lako. Ukubwa wenyewe ndio kufuli. Jina likae pembeni, dogo, la kusomeka.

Upunguzaji huo ulitatua na jambo la bando. Faili zilizotoka kwenye kamera zilikuwa na megabaiti 11 kila moja. Ukurasa wa picha 20 ungemlazimu mteja kushusha megabaiti 220, na mteja wetu yuko kwenye matatu kati ya Kiminini na Kitale, simu mkononi. Baada ya kupunguza, kila picha ilibaki na kilobaiti kama 250, na tukaiagiza tovuti ishushe tu zile ambazo jicho limezifikia. Tuligundua pia kwamba kamera ilikuwa imewekwa kwenye rangi za Adobe RGB, ambazo simu na vivinjari vingine havizisomi sawasawa. Mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia yalionekana yamefifia kana kwamba ni ya msimu wa kiangazi. Tulizigeuza ziwe sRGB, kijani kikarudi. Na kila picha iliyopigwa kwenye boma la mtu tuliifutia alama za GPS, maana faili husema mahali ilipopigwa hata kama mpiga picha amenyamaza.

Nakala ya kuuzwa tuliiweka katika folda ya WooCommerce, kiongezo cha WordPress cha kuendesha duka, iliyotengwa kwa bidhaa za kupakuliwa. Hapa pana mtego mwingine. Folda hiyo hulindwa na faili iitwayo .htaccess, ambayo seva za Apache huitii na seva za Nginx hazijali kabisa kama iko. Kampuni iliyotuuzia nafasi ilituhakikishia kwamba kila kitu kimelindwa. Nilichukua anwani kamili ya faili, nikaibandika kwenye simu ya jirani ambayo haijawahi kuingia kwenye tovuti ile. Picha ikafunguka. Tulihamia seva nyingine, na jaribio hilo la simu ya jirani sasa nalifanya kila mara, hata baada ya kusasisha programu.

Jina la tovuti, linaloishia na .co.ke, lilisajiliwa kwa jina la mzee mwenyewe na barua pepe yake mwenyewe. Nimeona wapiga picha wakipoteza miaka ya kazi kwa sababu jina lilisajiliwa na kijana wa kompyuta aliyehama mji.

Malipo ndiyo yaliyotuchukua muda mrefu zaidi. Zamani mzee alituma picha kwa WhatsApp, mteja analipa kwenye till ya M-Pesa, kisha mzee anatafuta ujumbe mmoja mmoja kuona nani amelipa nini. Sasa tulitumia Daraja, mfumo wa Safaricom unaoiruhusu tovuti kuzungumza na M-Pesa. Mteja anaandika namba yake, ombi linatokea kwenye simu, anaweka PIN, halafu jibu linarudi kwenye seva yetu likiwa na namba: 0 maana yake amelipa, 1032 amekataa, 1037 simu haikupatikana au mwenyewe hakujibu kwa wakati. Faili ifunguliwe kwa 0 peke yake, na baada ya seva kuhakikisha kwamba kiasi kilicholipwa ni kile kilichoombwa.

Wiki ya kwanza mteja wa Kitale alilipa, na seva yetu ikawa imelala kwa dakika chache. Jibu lilikuja likakuta hakuna mtu. Ukurasa ukamwambia hajalipa, naye kwa uaminifu akalipa mara ya pili. Mzee alimrudishia fedha jioni hiyohiyo na kumpigia simu kumwomba radhi. Kosa lilikuwa langu: nilijenga mfumo unaosubiri kuambiwa, usiojua kuuliza. Siku hizi, jibu lisipofika, tovuti yenyewe inairudia Daraja kwa namba ya lile ombi na kuuliza lilipofikia, kabla haijamwambia mteja neno lolote.

Kulikuwa na picha tulizozitoa kabisa, nami naona huo ndio uamuzi bora kuliko yote tuliyofanya. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inachukulia kwamba kazi iliyoagizwa, hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Harusi zote alizolipwa kuzipiga, bila mkataba, hazikuwa zake kuziuza. Halafu kuna Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, ambayo ndiyo ya tohara ya Wabukusu, na mzee ana mamia ya picha za vijana wakitoka mtoni, nzuri ajabu. Ni watoto. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi, na mnamo Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa hiyo. Lakini mzee hakungoja nisome sheria. "Hao ni wa mama zao," alisema. Kila familia ilipata albamu yake yenye nenosiri, isiyo na bei.

Zilizobaki zilihitaji maneno, kwa sababu Google hutegemea sana maandishi, na faili iitwayo DSC_0412 haitafutwi na yeyote. Tulikaa siku mbili, yeye akisema, mimi nikiandika: Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba, asubuhi baada ya mvua. Maporomoko ya Nabuyole kwenye Mto Nzoia, Webuye. Swala aina ya sitatunga katika kinamasi cha Saiwa, amesimama hadi magoti majini. Kwa kila moja aliongeza mwezi na saa. Kwa moja tu alinyamaza, picha ya soko la Chwele, akaisogeza karibu na taa, kisha akataja majina ya akina mama watatu walioonekana na kuniambia nisiiweke mpaka aende akawaulize.