“Wajumbe Wasio Rasmi”: Kosa la Istilahi

Katika maandishi yanayoeleza Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, msomaji hukuta makundi mawili: “wajumbe rasmi” na “wajumbe wasio rasmi”. Tafsiri hii imefuata neno la Kiingereza kwa sura yake, ikaiacha maana njiani.

Baraza hilo lilifunguliwa Desemba 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, mwenyewe akiwa mwenyekiti. Watumishi wa serikali walikuwa 13, na wengine wasiozidi 10 aliwateua Gavana. Hao wa pili ndio walioitwa “wasio rasmi”. Lakini kwa Kiswahili jambo lisilo rasmi ni lile lisilotambuliwa na sheria. Mtu aliyeteuliwa kwa sheria, akaapishwa, akapewa kiti, atakuwaje si rasmi? Kilichokusudiwa ni kwamba hakuwa mtumishi wa serikali. Basi na tuseme “wajumbe watumishi” na “wajumbe wasio watumishi”. Wapo wanaopendelea “wajumbe raia”. Hapana: wengi wao walikuwa walowezi na wafanyabiashara, na neno raia leo lina uzito wa kisheria ambao haufai kuazimwa kwa ajili yao.

Hata hivyo pendekezo letu nalo linapata taabu mwaka 1945, walipoteuliwa Waafrika wa kwanza, Mtemi Kidaha Makwaia wa Usukumani na Mangi Abdieli Shangali wa Uchagani. Walihesabiwa upande wa wasio watumishi, ilhali watemi na mamangi wa zama zile walikuwa nguzo za utawala wenyewe. Hapa kasoro si ya istilahi. Ni ya Baraza, na mfasiri hana haki ya kuificha.

Neno “mjumbe” nalo lataka uangalifu. Mkazi wa Shanwe, mjini Mpanda, akisikia “mjumbe” humfikiria jirani anayejulikana mtaani, wa nyumba kumi, ambaye mtu aweza kumgongea mlango. Mpanda ya wakati ule ilikuwa katika Jimbo la Magharibi, makao yake Tabora, na hadi 1958 hapakuwa na mpiga kura yeyote aliyempeleka mtu Barazani. Mjumbe ni mwenye kutumwa; wale walitumwa na Gavana. Mwaka 1955 viti vya wasio watumishi viligawanywa 10 kwa Waafrika, 10 kwa Waasia na 10 kwa Wazungu, ingawa Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8. Kumwita mtu wa baraza hilo “mbunge”, kama vifanyavyo vitabu kadhaa, ni kumvika vazi ambalo halikuwa limeshonwa. Na “mwanachama wa Baraza” ni vibaya zaidi, kwani Baraza halikuwa chama.

Uchaguzi wa 1958 na 1959 ulileta “kura tatu”: mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Istilahi hii ni fupi, imezaliwa midomoni mwa watu, na haihitaji marekebisho.

Yabaki “mkutano” na “kikao”, ambayo waandishi huyabadilisha ovyo. Taarifa rasmi za Bunge zimekwisha kuyatenga: mkutano ni kipindi kizima, kikao ni siku moja ndani yake. Anayeandika juu ya Baraza la zamani afuate utaratibu huo huo, la sivyo hesabu zake za vikao hazitaeleweka.