Sifa za Mlisha Viwavi

Mfugaji wa vipepeo huamka na kwenda kukata majani. Kila aina ya kiwavi ina miti yake, na kiwavi akiikosa miti hiyo hufa njaa huku amezungukwa na kijani kibichi. Katika kijiji kimoja chini ya msitu wa Amani, milima ya Usambara Mashariki, nilimtazama mama mmoja akitoka kando ya shamba lake la iliki na mafungu ya matawi begani, kila fungu na kamba yake ya mgomba. Alipita kizimba kwa kizimba. Alitoa matawi yaliyobaki vijiti, akaingiza mabichi, na kila tawi la zamani akaligeuza jani kwa jani kabla ya kulitupa, asije akatupa na kiwavi aliyejibanza. Mjukuu wake akanyoosha kidole amguse mmoja aliyetulia tuli. "Mwache mume wangu," bibi akasema, "huyo anajivua ngozi. Ukimbandua sasa umemuua."

Ufundi huu hauna chombo cha kujivunia. Seremala ana randa, mhunzi ana mvukuto. Mlisha viwavi ana chandarua, kisu na kumbukumbu. Lazima ajue jike yupi anatafuta pa kutagia, amwekee kizimbani mche anaoutaka, maana kipepeo jike huonja jani kwa miguu kabla ya kutaga na hadanganyiki. Mayai ni madogo kuliko punje ya mtama, na yataka jicho. Miguu ya meza husimamishwa ndani ya makopo yenye oili chafu, kwa sababu siafu wakipanda usiku mmoja, asubuhi hakuna wa kulishwa. Kuna pia nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mwili wa kiwavi: kiwavi huendelea kula na kunenepa vizuri tu, kisha siku ya kungojea kipepeo wakatoka nyigu. Tena si vipepeo wote wanaotaka maua. Wale wa jamii ya Charaxes, wenye mwili mnene na mbio za ajabu, huyapita maua bila kuyatazama. Hao huitwa kwa ndizi iliyoiva kupita kiasi hadi ikachachuka. Haya yote mama yule hakuyasoma popote. Aliyakusanya kwa kupoteza viwavi wengi na kukumbuka kila walivyopotea.

Kinachouzwa ni pupa. Kiwavi akishashiba huacha kula, hutangatanga, hutafuta kijiti, na wengine hujifunga uzi wa hariri kiunoni wasianguke. Ngozi ya mwisho hupasuka, na kinachobaki hakina mdomo wala mguu. Aina kadhaa hufuata rangi ya mahali walipo: kijani penye majani mabichi, kahawia penye kijiti kikavu. Mfugaji humbandua kwa mkono mwepesi, humlaza kwenye sanduku lenye pamba, na kutoka hapo hushindana na saa. Zipo siku chache tu za kumfikisha Ulaya au Marekani, kwenye nyumba za vioo ambako watu hulipa kiingilio wamwone akitoka. Sanduku likikwama njiani, kipepeo hutoka gizani, hana nafasi ya kuning'inia akasukuma maji kwenye mabawa yake, nayo hukauka yamekunjamana. Kazi ya mwezi mzima huwa takataka.

Wengi wetu tuliwahi kuwa karibu na ufundi huu bila kuujua. Nyuma ya nyumba ya bibi yangu palikuwa na mlimau, na kila baada ya mvua ulipata wageni. Wakiwa wadogo walifanana kabisa na mavi ya ndege, weusi wenye doa jeupe, na ndege walipita wakiwadharau. Wakikua walibadilika wakawa kijani, wanene kama kidole, na hapo ndipo mchezo ulipoanza: ukimgusa kiwavi huyo kwa kijiti hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa, na harufu kali inayokukaa puani hadi jioni. Tulishindana nani atamtoa pembe kwanza. Bibi hakutukataza mchezo, alitukataza kuwaangusha. Kwa hesabu yake mlimau ulikuwa na majani ya kutosha kwa wote, na limau halikuwahi kukosekana nyumbani kwake. Baada ya siku kadhaa tuliwatafuta tusiwaone, na kumbe walikuwapo pale pale wamejigeuza vijiti. Vipepeo wao, weusi wenye madoa ya manjano, bado wapo nchi nzima. Walioadimika ni mabibi wa namna ile. Siku hizi kiwavi wa kwanza akionekana mlimauni, mwenye nyumba hukimbilia duka la pembejeo, na jioni mti unanuka dawa.

Dunia ina njia nyingine ya kumthamini kipepeo, na njia hiyo ndiyo iliyopata umaarufu na fedha. Mwaka 1906, Albert Meek, mkusanyaji aliyekuwa akimfanyia kazi tajiri wa Kiingereza Walter Rothschild, aliona katika misitu ya New Guinea kipepeo jike akiruka juu mno wavu usimfikie. Alimwangusha kwa bunduki. Mwaka uliofuata Rothschild alimpa jina la Malkia Alexandra, na hadi leo hajapatikana kipepeo mkubwa kumshinda: jike akikunjua mabawa hupita sentimita 25. Yule wa kwanza amehifadhiwa London, na matundu ya risasi yake. Tangu hapo jina lile likawatia watu wazimu. Wapo waliolipa maelfu ya dola kwa jozi moja iliyochomwa pini, na wapo waliofungwa jela kwa kuwauza, kwa kuwa mkataba wa kimataifa wa CITES umepiga marufuku biashara yake.

Lakini kiwavi wa kipepeo huyo hula tu mmea unaotambaa, wa jamii ya Aristolochia, katika eneo dogo la mkoa wa Oro, Papua New Guinea. Mwaka 1951 mlima Lamington ulilipuka ukateketeza sehemu kubwa ya makazi yake, na baadaye mashamba ya michikichi yakaja kumalizia. Bei ilipanda, sheria zikatungwa, na vyote viwili havikupanda hata mche mmoja wa mmea ule. Mche hupandwa na mtu aliyeinama.

Waingereza nao walijifunza hivyo kwa hasara. Walikuwa na kipepeo wao wa buluu, adimu na mwenye kutamaniwa na wakusanyaji, ambaye kiwavi wake ana maisha ya ajabu: hudondoka chini kutoka kwenye ua, chungu wa aina moja humdhania ni mtoto wao, humbeba hadi shimoni, naye humo hula watoto wao hadi akomae. Watu waliwalaumu wakusanyaji, wakawawekea vizuizi, na kipepeo akaendelea kupungua. Mwaka 1979 akatoweka Uingereza. Mtafiti Jeremy Thomas alikuja kuonyesha kwamba kosa lilikuwa kwenye nyasi. Mifugo ilipoacha kulishwa kwenye vilima vile, na sungura walipokufa kwa maradhi, nyasi zilirefuka, ardhi ikapoa, na wale chungu wakapungua. Kumrudisha ilibidi mbegu iletwe kutoka Sweden, na ng'ombe warudishwe malishoni. Mchungaji aliyeonekana hana habari na vipepeo ndiye aliyekuwa akiwatunza miaka yote.

Kwetu, elimu hii ilipata shule yake Gede, pwani ya Kenya. Mapema miaka ya 1990 wakulima wengi waliopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, ulio mkubwa kuliko misitu yote ya aina yake iliyosalia katika pwani ya Afrika Mashariki, walitamani ukatwe wagawiwe mashamba. Msitu uliwaletea tembo na nyani, basi. Mwaka 1993 ulianzishwa mradi wa Kipepeo, ukiongozwa na Ian Gordon, na wakulima wale wakafundishwa kulisha viwavi na kuuza pupa nje. Miaka michache baadaye ulikuwa msitu wenye watetezi kwenye ukingo wake wenyewe, kwa maana jike wa kuzalisha na miti ya kumlishia hutoka humo. Usambara ikafuata, kwa msaada wa shirika la kuhifadhi misitu la Tanzania, na wanawake ndio walioshika kazi kwa wingi. Sehemu ya mapato iliingia mifuko ya vijiji. Watu waliozoea kufyeka miti midogo wapate nafasi ya iliki wakaanza kuipanda nyuma ya jiko.

Kisha ukaja mwaka 2016. Serikali ya Tanzania ilisimamisha kwa miaka mitatu usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Nani angepinga? Nchi ilikuwa bado inaona haya ya twiga waliotoroshwa kwa ndege kupitia uwanja wa Kilimanjaro mwaka 2010. Ila katazo lile halikuchagua. Twiga aliyetegwa porini na pupa aliyelishwa kwa mkono nyuma ya jiko waliwekwa kapu moja, na vizimba vya Amani vikanyamaza. Miaka mitatu ilipita, katazo likaendelea. Juni 2022 ilitangazwa kwamba litalegezwa, na haikuchukua siku nyingi tangazo lenyewe likasitishwa.

Wanaotoa amri hawakosi nia njema. Wanachokosa ni kumjua mlisha viwavi. Chandarua kikichanika hushonwa, kizimba kikioza hujengwa kingine. Mama aliyeacha kupita msituni kila asubuhi husahau mti upi hupendwa na nani, na mjukuu wake hukua bila kuambiwa lini kiwavi asiguswe. Shirika laweza kurudi na fedha, lisimkute wa kuzitumia. Na mti usiokumbukwa kuwa chakula cha kipepeo hubaki kuwa kuni.

Zipo aina za vipepeo zisizopatikana popote duniani isipokuwa Usambara na misitu jirani yake. Watakaozilinda hawatatoka London wala Dodoma. Tayari wanaishi hapo, wanajua majina ya miti, na wanazeeka. Basi wenye kuandika kanuni wamtenge mnyama aliyetegwa na yule aliyezalishwa kizimbani, wamruhusu mama auze alichokilea. Shule zilizo kando ya misitu ziwaite wazee hawa wawafundishe watoto wangali wana nguvu za kupanda mlima. Na wewe unayesoma, ukimkuta kiwavi kwenye mlimau wako, iache dawa dukani. Mlimau utachipua majani mengine.