Samaki Wanaoanikwa Thelujini

Basi la Sokcho linapoondoka kituo cha Dong Seoul Ijumaa jioni, abiria wengi wamevaa viatu vya kupandia milima. Mgeni naye amevaa vyake. Amejipangia safari ya wikiendi kama walivyozoea watu wa Seoul: Jumamosi auone mlima Seoraksan, ambao kilele chake, Daecheongbong, kimefika mita 1,708, Jumapili ateremke baharini ale samaki, kisha arudi kazini. Usiku anashukia Yongdae-ri, kijiji cha wilaya ya Inje kilichobanwa na mabonde, alale hapo. Ni Januari. Asubuhi anafungua dirisha na kukuta samaki wamejaa mlimani.

Wametanda kama shamba. Chanja za magogo zimesimamishwa safu kwa safu juu ya theluji, na kwenye miti yake wananing'inia samaki kwa maelfu, wamefungwa wawili wawili, vichwa juu, vinywa wazi, migongo imefunikwa theluji ya usiku. Upepo ukipita wanagongana, na sauti yake ni ya vijiti vikavu. Safari ya Seoraksan inaanza kuchelewa.

Samaki huyu anaitwa myeongtae, mkazi wa bahari za baridi. Akiwa mbichi ni saengtae, akigandishwa ni dongtae, akikaushwa nusu ni kodari, akikauka kabisa ni bugeo, na akiwa mchanga ni nogari. Waswahili, wenye dafu, koroma na nazi, hawatashangaa: kitu kinachogusa maisha kila siku hakitoshwi na jina moja. Jina linalotafutwa hapa Yongdae-ri ni hwangtae, yaani myeongtae wa manjano, na halipatikani baharini. Ni lazima samaki apandishwe mlimani kwanza.

Msomaji aliyekulia pwani anajua ng'onda wanavyofanywa: samaki anapasuliwa, anatiwa chumvi, anatandazwa, na jua kali linamaliza kazi kwa siku chache. Hapa chumvi haipo kabisa. Jua lipo, lakini ni msaidizi tu. Fundi mkuu ni baridi. Usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10 za hasi, na maji yaliyomo ndani ya nyama yanaganda, yanatanuka, yanaachanisha nyuzi za nyama. Mchana jua linalegeza barafu kidogo, na upepo mkavu wa bondeni unaondoka na sehemu ya maji hayo. Usiku yanaganda tena. Mzunguko huo unarudiwa tangu Desemba au Januari hadi karibu na Aprili. Mwisho wake, badala ya samaki kusinyaa na kuwa mgumu kama ukuni, anabaki amevimba karibu na umbo lake la awali, lakini mwepesi.

Mgeni anashikishwa mmoja wa msimu uliopita. Kwa macho ni samaki mzima. Kwa uzito ni kama ganda tupu. Akimvunja, nyama inachanika kwa nyuzi ndefu za rangi ya dhahabu iliyofifia, laini kama pamba iliyochambuliwa. Wakorea wa zamani walimwita bugeo wa deodeok, kwa jina la mzizi wa porini wenye nyuzi kama hizo. Harufu yake ni ndogo, karibu na ya nafaka iliyokaangwa. Hakuna chumvi ulimini, ila utamu unaokuja taratibu, mtu akiwa bado anatafuna.

Ufundi huu unajulikana vizuri zaidi kwa majina ya waliokosea njia. Majira yakiwa na joto, nyama inakuwa nyeusi: huyo ni meoktae, samaki wa wino. Baridi ikizidi bila kulegea, anabaki mweupe: baektae. Aliyevunjika mwili ni patae, aliyepoteza kichwa ni mudutae, aliyekauka akawa kama jiwe ni kkangtae. Na yule ambaye upepo ulimwangusha chini ni naktae. Wote wanaliwa, maana watu hawa hawana mazoea ya kutupa, lakini bei zao si moja. Kila jina ni kumbukumbu ya hali ya hewa: anayejua kulisoma anajua Februari ilikuwaje.

Ndiyo maana kazi ya mwenye chanja, ukiitazama haraka, inaonekana kama kukaa tu. Ametundika, sasa anangoja. Lakini kungoja kwake kuna macho. Anaangalia mawingu, kwa sababu theluji ni rafiki na mvua ni adui: samaki aliyelowa mvua anaweza kuharibika chanjani. Anajua upepo gani unakausha na upepo gani unavunja. Ni vigumu kufikiria ustadi mwingine ambao mkono wa fundi unafanya kidogo hivyo, na uamuzi wake una uzito mkubwa hivyo.

Mchana mgeni anatembea hadi hekalu la Baekdamsa, karibu kilomita saba kwa miguu, kwa kuwa basi dogo la kijiji halipandi huko wakati wa theluji. Mbele ya hekalu, kwenye kitanda cha mto, mahujaji wamepanga mawe madogo yakawa mamia ya minara. Ndiyo sehemu ya mlima anayoiona, na anarudi ameridhika. Jioni anapewa supu: hwangtae amechanwa, amekaangwa kidogo kwa mafuta ya ufuta, kisha amechemshwa na figili hadi mchuzi ukawa mweupe kama maziwa. Wakorea huinywa asubuhi baada ya usiku wa pombe. Aliyetoka kwenye baridi ile anaihitaji vilevile.

Swali linabaki: nani alifikiria kuwaanika samaki wa bahari mlimani? Jibu liko upande wa pili, na Jumapili basi linapita handaki la Misiryeong, lililofunguliwa mwaka 2006, na kuteremkia Sokcho. Vita ya Korea ya 1950 hadi 1953 iliwaleta huku wakimbizi wa mkoa wa Hamgyeong, kaskazini ya mbali. Walijua myeongtae, hata jina lake, kwa masimulizi, limetokana na wilaya ya Myeongcheon na mvuvi wa ukoo wa Tae, wote wa Hamgyeong. Waliamini watarudi kwao baada ya muda mfupi, wakajenga vibanda mchangani. Mpaka ukafungwa. Kijiji chao kinaitwa Abai hadi leo, neno la lahaja yao la kumwita babu au mzee. Wakitafuta baridi inayofanana na ya kwao, watu wa kaskazini waliipata Daegwallyeong na Yongdae-ri, juu ya milima, na huko wakasimamisha chanja.

Wakati huo samaki walikuwa tele. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Korea Kusini ilivua zaidi ya tani 100,000 za myeongtae kwa mwaka, wakiwemo wachanga wengi, waliokuwa kitafunwa kipendwa cha baa. Bahari ikapata joto, nyavu hazikupumzika, na samaki wakatoweka. Mwaka 2016 wanasayansi walifanikiwa kuwazalisha kwenye matangi kizazi baada ya kizazi. Mwaka 2019 serikali ikapiga marufuku kuwavua. Wengi wanaoning'inia Yongdae-ri leo wanatoka bahari za Urusi. Goseong, jirani ya Sokcho, bado inafanya tamasha la samaki huyu ambaye ni nadra kuonekana kwenye maji yake.

Kwa hiyo kilichobaki ni ufundi wenyewe, na hilo ndilo linalomgusa mgeni zaidi ya kilele ambacho hakukipanda. Waliouleta walipoteza nchi yao, wakaendelea. Wajukuu wamepoteza samaki, wanaendelea. Sasa kuna majira ambapo baridi yenyewe inasitasita, mvua inanyesha Januari, na wenye chanja wanachelewesha kutundika wakisubiri jalidi la kweli.

Abai na mjini vimetenganishwa na mkondo mwembamba wa maji. Kivuko chake hakina injini: ni mashua bapa inayovutwa kwa waya wa chuma, na abiria anaruhusiwa kushika kulabu na kusaidia kuvuta. Mgeni anavuta. Duka la ng'ambo limetundika bugeo mmoja juu ya mlango, amefungwa uzi mweupe, awe kinga ya biashara.

Saa mbili usiku basi la kurudi linapita Yongdae-ri. Nje ni nyuzi 14 za hasi, usiku mzuri. Kati ya chanja kuna mtu na tochi. Anainama, anaokota samaki aliyeangushwa na upepo, anamkung'uta theluji, anamweka kikapuni na kusogea safu inayofuata.