Ubishi wa Wabia, Kazi ya Mteja

Oktoba 2005, M-Pesa ilipoanza kujaribiwa Kenya, haikuwa huduma ya kutumiana pesa. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone waliiandaa ili mkopaji wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, alipe rejesho lake kwa simu. Safaricom ilileta mtandao, Faulu ikaleta wakopaji, na kila mbia alikuwa na hesabu zake.

Mvutano ulianzia kwenye vitabu. Faulu ilikuwa ikifuatilia marejesho kikundi kwa kikundi, na miamala ya simu haikukaa vizuri katika utaratibu huo. Isitoshe, mwanachama akishalipa kwa simu, kwenye kikao cha kikundi anafuata nini? Na kikao ndicho kinachombana mdaiwa. Kwa watu wa simu, hayo yote yaliifanya huduma kuwa nzito kujifunza. Wakati huohuo washiriki walikuwa wakifanya mambo ambayo hayakupangwa: wanatumiana pesa, wanalipana madeni ya biashara, wengine wanaweka pesa kwenye simu kabla ya safari na kuitoa wafikapo.

Ninachokipenda ni kwamba watu wa simu hawakutunga sentensi ya kuwaridhisha wabia wote. Walitazama mteja anafanya nini, wakaweka mikopo kando. Machi 2007 huduma ikazinduliwa kwa ujumbe mmoja: tuma pesa nyumbani. Kabla mwaka haujaisha, wateja walishapita milioni 1.

Wabia wakibishana juu ya maneno ya tangazo, mara nyingi wanabishana juu ya mteja. Chukulia vijana wawili wenye mashine ya kukamua alizeti hapa Babati mjini. Mmoja anataka kibao kisomeke "Mafuta safi ya alizeti". Mwenzake anataka "Lete alizeti, ondoka na mafuta yako". Wa kwanza anamwona mama anayenunua chupa sokoni. Wa pili anamwona mkulima wa Galapo aliyefika na gunia kwenye bodaboda. Bei, saa za kufungua, hata mahali pa kuweka mizani, vyote vinategemea ni yupi kati ya hao. Nisingewashauri wabandike maneno yote mawili kwenye kibao kimoja. Kila sentensi itundikwe wiki yake, na daftari la mlangoni liandike kila aliyeingia alitaka nini, hata kama ni mfugaji aliyekuja kuulizia mashudu tu.